Kuipasha Injini Moto: Nasaha kwa Madereva wa Kamituga

Alfajiri mjini Kamituga, wakati ukungu ungali umelala juu ya bonde la mto Zalya na mabati ya mapaa yakidondosha umande wa usiku, sauti ya kwanza kuwafikia walio vitandani aghalabu ni ya injini: lori lililopakiwa tangu jana, tayari kwa safari ya kilomita zipatazo 180 kwenda Bukavu, huwashwa uani na kuachwa likinguruma, moshi wake ukiingia madirishani mwa majirani, ilhali dereva anakunywa chai yake taratibu na kumjibu kila amwulizaye kwamba anaipasha injini moto. Desturi hii ina wafuasi wengi, tangu wenye malori ya mazuti hadi vijana wa pikipiki wapigao resi mbele ya nyumba kabla ya kwenda kutafuta abiria wa Kitutu au wa Mwenga. Na maadamu mafuta ya hapa yametoka mbali, yamepandishwa na kuteremshwa milima ya Mitumba yakiwa ndani ya mapipa, hata mwisho wake yakauzwa kwa chupa kando ya njia na wale tunaowaita makadhafi, ni haki ya kila mwenye chombo kuuliza kama mafuta yanayoungua uani yanamletea faida yoyote.

Jawabu langu, ambalo nitalifafanua hapa chini, ni hili: injini yahitaji kungojwa muda mfupi mno, nusu dakika au dakika moja, kisha yahitaji kuendeshwa kwa upole kwa muda wa dakika kumi hivi. Taksiri yetu ni kuwa na subira nyingi uani, mahali isipotakiwa, na kuipoteza yote mara tufikapo barabarani, mahali inapotakiwa.

Asili ya desturi

Insafu yatutaka tukiri kwanza kwamba wazee waliotufundisha kungoja hawakukosea kwa zama zao. Madereva wa zama za kampuni ya Minière des Grands Lacs, iliyoundwa mwaka 1923, na hata wengi wa zama za Sominki, iliyoirithi dhahabu ya Kamituga mwaka 1976, waliyazoea magari ya petroli yenye kabureta, na kabureta ni chombo kisichojua kama chuma kilicho mbele yake ni cha moto au cha baridi. Petroli ikikutana na chuma baridi haigeuki mvuke sawasawa, bali hukaa matone matone katika kuta za mfereji wa hewa, hata hewa inayoingia silindani ikawa na mafuta haba, na injini ikakohoa, ikatetemeka, na kuzimika katikati ya mlima. Kwa sababu hiyo dereva wa zamani alivuta choki ili kuongeza petroli, akasubiri chuma kipate joto, kisha akairudisha choki kidogo kidogo kwa kusikiliza mlio. Na aliyeondoka kwa pupa alisukumwa na abiria wake.

Zama hizo zimepita. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mfumo wa kielektroniki wa kunyunyiza petroli uitwao D-Jetronic, uliowekwa kwanza katika gari la Volkswagen 1600, na tangu hapo kabureta ikaanza kuaga magari, hata leo gari dogo la mtumba linaloletwa kutoka Japani lina kipimajoto ndani ya maji ya injini, nacho huiambia kompyuta iongeze petroli wakati wa baridi na kuipunguza kadiri joto linavyopanda. Kazi iliyokuwa ya mkono wa dereva na sikio lake sasa hufanywa na chombo chenyewe, mara nyingi kwa sekunde moja, bila kuchoka wala kusahau.

Oili nayo imebadilika. Ukiyasoma maandishi ya galoni utaona tarakimu kama 15W-40. Tarakimu ya kwanza yahusu wepesi wa oili penye baridi, na ya pili yahusu unene wake injini ikiwa na moto. Na oili ya 15W hupimwa katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, baridi ambayo Kamituga haijapata kuiona wala haitaiona. Asubuhi yetu yenye ubaridi kuliko zote, ambayo kwetu ni ya kujifunika mablanketi mawili, kwa oili hiyo ni kama adhuhuri.

Injini baridi yataka nini?

Usiku kucha, chombo kikiwa kimezimwa, oili huteremka na kutuama katika bakuli lililo chini ya injini, na sehemu za juu hubaki na utando mwembamba tu. Unapowasha, pampu huinyanyua oili hiyo na kuisukuma katika mifereji yake hadi kwenye beringi, kamshafti na pistoni, kazi inayochukua sekunde chache, na ishara ya kutimia kwake ni kuzimika kwa ile taa nyekundu yenye picha ya kibuyu cha mafuta. Sekunde hizo ndizo zenye thamani kuliko dakika ishirini zinazofuata, kwa kuwa kabla oili haijafika, chuma kinasuguana na chuma karibu kikiwa kitupu. Na kijana anayewasha pikipiki yake na papo hapo kuikamua hadi ikalia kama mbuzi aliyekamatwa na chui, akidhani anaisaidia kupata moto, anaipa mateso makubwa katika dakika isiyo na kinga.

Oili ikisha kufika, kinachobaki ni joto, na hapa ndipo desturi inapojipinga yenyewe. Injini iliyosimama bila mzigo, katika mwendo ambao mafundi wa pwani huuita silensa na wa Kongo huuita ralanti, huunguza mafuta machache mno kuweza kukipasha moto chuma kizito; basi hukaa muda mrefu katika hali ya ubaridi, na hali hiyo ndiyo tuliyokusudia kuiepuka. Katika injini ya petroli, mafuta ya ziada yasiyoungua huosha utando wa oili kutoka katika kuta za silinda, yakapenya kandokando ya ringi za pistoni na kuteremka kuichafua oili iliyo chini. Fauka ya hayo, lita moja ya petroli ikiungua huzaa takriban lita moja ya maji, ambayo injini yenye moto huyatoa yakiwa mvuke, lakini injini baridi huyaacha yageuke kuwa matone ndani ya bomba la moshi, na mengine yakachanganyika na oili. Ukifungua kifuniko cha kutilia oili ukakuta utando mweupe kama maziwa yaliyochacha, yamkini chombo hicho kimezoea kunguruma sana na kutembea kidogo, ingawa utando huo ukiambatana na kupungua kwa maji ya rejeta, mwite fundi upesi, kwani huenda gasketi imekatika.

Injini ya mazuti, ambayo Rudolf Diesel aliisimamisha ikafanya kazi mwaka 1897, ndiyo yenye haja ndogo kabisa ya kungojwa, kwa kuwa tabia yake ni kuvuta hewa nyingi na kunyunyiza mafuta kwa kadiri ya mzigo tu. Isipokuwa na mzigo, hunyunyiza tone, ikavuta hewa tele ya baridi, ikajipoza yenyewe huku ikilimbikiza masizi katika nozeli na vali. Ndiyo sababu lori laweza kunguruma nusu saa nzima na mshale wa joto usiondoke chini, kisha likapanda kilima kimoja tu na mshale ukafika katikati.

Tena, gari si injini peke yake. Oili ya giaboksi na ya difu, grisi ya beringi za magurudumu, mpira wa tairi na shokamzoba, vyote hulala baridi pamoja na injini, na hakuna hata kimoja kinachopata joto gari likiwa limesimama. Vyote huamshwa na mwendo.

Waswahili wana methali mbili ambazo wengi huzitaja kama ndugu wanaogombana: mmoja husema ngojangoja huumiza matumbo, na mwingine husema polepole ndio mwendo. Katika jambo letu hazigombani hata kidogo, kwani ya kwanza ni hukumu ya uani, na ya pili ni hukumu ya barabarani.

Utaratibu wa asubuhi

Kwanza, kabla hujagusa ufunguo, fungua boneti. Chomoa kijiti cha kupimia oili, kipanguse, kichovye tena, ukisome; kipimo hiki ni sharti kifanywe injini ikiwa imelala, maana ikishawaka oili imesambaa na kijiti kitakudanganya. Tazama maji ya rejeta wakati huu ambapo kifuniko chake hakiwezi kukuunguza. Inama utazame chini ya gari: tone jipya juu ya udongo ni barua iliyoandikwa usiku. Na kwa kuwa mafuta ya chupa na ya madumu huchanganyika na maji kwa urahisi, wenye vyombo vya mazuti wafungue koki iliyo chini ya chujio na kumwaga maji yaliyotuama, hasa katika miezi ya mvua. Dakika tano zilizokuwa zikipotea kwa kungoja, zitumike hapa.

Pili, zungusha ufunguo hadi taa ziwake, usiwashe bado. Kwa gari la mazuti, ngoja ile taa ya manjano yenye umbo la waya uliosokotwa izimike, ndipo ujue kwamba plagi za kupashia silinda zimekwisha kuwa nyekundu; kwa gari la petroli, sekunde mbili zatosha pampu ijaze mfereji.

Tatu, washa bila kukanyaga mafuta, ukiitazama taa nyekundu ya oili. Ikikawia zaidi ya sekunde chache bila kuzimika, zima injini bila kujadiliana na mtu, kwani safari iliyoahirishwa hugharimu siku moja, na injini iliyokwama yaweza kugharimu mtaji wote.

Nne, ngoja nusu dakika hadi dakika moja. Ndio muda wa kufunga mkanda, kurekebisha kioo, na kumuaga jirani.

Tano, ondoka, na hapa ndipo subira yako yote iingie kazini. Kwa dakika kumi za kwanza usizidishe mizunguko 2,000 kwa dakika kwa injini ya mazuti, au 2,500 kwa ya petroli. Na kama chombo chako hakina saa ya mizunguko, tumia sikio, injini isilie juu wala isigune. Wengi hudhani upole ni kutumia gia kubwa na mguu mwepesi, lakini mlimani gia kubwa huifanya injini itetemeke kwa kuelemewa, na injini baridi inayoelemewa huumia vibaya. Teremsha gia mapema, iache izunguke kwa wepesi. Ikiwa unalaza gari chini ya mlima mkali na huna budi kuanza safari kwa kupanda na mzigo, jiongezee dakika moja au mbili za kungoja, au bora zaidi, uende kwanza mita chache mahali pa tambarare. Upole huu usiuache mpaka mshale wa joto ufike mahali pake pa kila siku.

Malori, pikipiki na mashine za kusaga mawe

Nilipata kusafiri juu ya lori, pamoja na magunia na watu wengine wengi, likiendeshwa na mzee ambaye hatukumwona akiharakisha jambo lolote. Asubuhi ile injini ilikuwa imenguruma kitambo, abiria wakaanza kununa, na kijana mmoja akashuka akamwendea dirishani.

“Papa, injini haijapata moto tu?”

“Mtoto wangu,” akajibu mzee bila kugeuka, “mimi singoji moto. Nangoja upepo.”

Akamwonyesha kwa kidole saa mbili ndogo mbele yake, ambazo mishale yake ilikuwa ikipanda kama mtu apandaye ngazi akiwa na ndoo kichwani. Breki za malori makubwa huendeshwa kwa upepo ulioshindiliwa katika matangi, na matangi hayo, hasa ya lori kuukuu lenye mipira inayovuja, hupungukiwa usiku, hata asubuhi kompresa ikawa na kazi ya kuyajaza upya. Lori la namna hii lisiondoshwe kabla mishale haijafika kipimo kilichowekwa na kengele ya onyo haijanyamaza, hata kama ni dakika kumi, kwani njia iteremkayo kutoka Burhale haimsamehi asiye na breki. Huku ndiko kungoja kwenye haki. Lakini dereva ajue anachokingoja, na akiona upepo wahitaji nusu saa kujaa, dawa yake ni kumtafuta fundi azibe panapovuja. Kwa kukadiria tu, injini ya lori kubwa ikisimama yaweza kula lita zipatazo 3 kwa saa. Dakika ishirini kila siku, kwa siku ishirini na tano za kazi, ni lita 25 kwa mwezi zilizogeuzwa kuwa moshi.

Pikipiki zetu, za TVS na Boxer na nduguze, hukaa upande wa pili wa mizani. Nyingi zingali na kabureta, basi choki yake ivutwe asubuhi na kurudishwa baada ya nusu dakika hadi dakika moja, kwani choki iliyosahaulika hunywa petroli na kuitia plagi masizi. Lakini injini hizi hupozwa na upepo wa mwendo wenyewe, hazina rejeta wala feni. Ikiachwa ikinguruma mahali pamoja kwa muda mrefu hukosa wa kuipepea, ikachemka, na oili yake, ambayo haizidi sana lita moja, ikaungua upesi. Kijana wa pikipiki awashe, avae kofia yake ya chuma, aondoke taratibu kwa mwendo wa gia ndogo hadi mwisho wa mtaa, na asimpakie mteja mwenye gunia kabla ya hatua hiyo.

Katika mji huu, ambao umewapa akina mama watwangaji wa mawe jina la twangaises kutokana na kitenzi chetu cha kutwanga, ziko pia mashine za kusaga mawe ya dhahabu zinazoendeshwa kwa injini ndogo za mazuti za silinda moja. Hizi hazina barabara ya kwenda polepole: hutoka katika usingizi na kutupwa moja kwa moja katika kazi nzito kuliko zote. Kwa hiyo hizo ndizo zinazostahili kungojwa kuliko gari. Iwashe, iache izunguke dakika tatu hadi tano bila mzigo, kisha utie mawe kidogo kidogo, na ukamilishe kipimo maji ya tangi lake yakiwa yamepata joto. Mwendeshaji anayejaza mawe kwanza ndipo awashe, huinunulia pistoni yake kaburi.

Mintarafu ya moshi

Moshi wa injini baridi ndio mchafu kuliko wote, na ndani ya moshi wa petroli mna hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi, isiyo na harufu, inayompumbaza mtu kwa usingizi kabla hajatambua kwamba anakufa. Usiwashe gari, pikipiki wala jenereta ndani ya nyumba au banda lililofungwa, hata mlango mmoja ukiwa wazi, na usiegeshe bomba la moshi likielekea dirisha la chumba wanamolala watoto. Ujerumani imekataza katika sheria ya barabara kuziacha injini zikinguruma bure, na huko asubuhi za baridi si za kuhadithiwa. Kama mwenyeji wa nchi ya theluji anaweza kuondoka mapema, sisi wa nchi ya ndizi tuna udhuru gani?

Mwisho wa safari

Imebaki nasaha moja, ambayo wengi huisahau kwa kuwa fikira zao zote ziko asubuhi. Injini za mazuti zenye tabo, feni ile inayozungushwa na moshi kwa kasi ya ajabu, hupata joto kali mno zikipanda mlima na mzigo. Na ukizima papo hapo unapofika, oili huacha kutembea, tabo ingali ikizunguka, na mabaki ya oili hukaangika ndani ya beringi zake. Ukifika Bukavu, iliyo katika kimo cha mita zipatazo 1,500, baada ya milima ya Walungu, usizime mara moja: iache injini ingurume dakika moja au mbili, huku ukikusanya karatasi zako na abiria wakishusha mizigo.

Yule mzee wetu alifanya hivyo. Asubuhi, upepo wake ulipojaa, alitoka Kamituga kwa gia ya chini kwa mwendo ambao pikipiki zilitupita zote, na vijana wakatucheka. Jioni, Bukavu, alikaa kimya kitini mkono ukiwa juu ya ufunguo, akiisikiliza injini ipumue, na aliposhuka hatimaye, akazunguka mbele, akaweka kiganja juu ya boneti, akaridhika, ndipo akauliza chakula kiko wapi.